Mwongozo kwa Wawinda Mwanga Waendao Lushoto

Kabla hujafunga begi, soma makala mbili tatu za Kizungu kuhusu “saa ya dhahabu”. Zote zinasema jambo moja: piga picha saa nzima baada ya jua kuchomoza na saa nzima kabla halijazama, mchana wote uliobaki katikati kalale. Amini kila neno. Usijiulize mwandishi aliishi wapi, maana ukijiuliza utagundua ni London au Oslo, ambako jua la Juni hupanda kwa mshazari, taratibu, likampa mtu nafasi ya kunywa kahawa, kufuta lenzi, kubadili mawazo mara mbili na bado akaukuta ukuta wa kanisa una rangi ya asali.

Lushoto iko pungufu kidogo ya nyuzi tano kusini mwa ikweta. Jua la huku hupanda karibu wima. Kutoka kwenye upeo hadi kimo cha nyuzi sita, kile kipande cha anga ambacho wapiga picha wanakihesabu kuwa ndicho chenye dhahabu, jua linatumia dakika 25 hivi. London, mwezi Juni, kipande hichohicho kinachukua karibu mara mbili. Kwa hiyo ile saa uliyoahidiwa imekatwa zaidi ya nusu kabla hujapanda basi, na bado hatujahesabu milima.

Milima nayo tuihesabu. Mji umekaa bondeni, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, vilima vya Usambara Magharibi vimeuzunguka. Programu ya simu yako itakuambia kwamba mwanzoni mwa Novemba jua linachomoza saa 12 na dakika chache, na Julai karibu saa 12:40. Haidanganyi; inazungumzia nchi tambarare. Wewe utakuwa umesimama barabarani na stendi ya kamera, meno yanagongana kwa baridi, mji mzima wa kijivu, na juu huko ni msitu peke yake unaomeremeta. Jua litakapotokeza mgongoni mwa kilima litakuwa limeshapanda, jeupe, lina haraka zake. Dhahabu yote imetumiwa na watu wa upande wa Tanga, ambao wala hawakuwa na haja nayo.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuamka saa kumi alfajiri. Wenyeji watakuheshimu kwa hilo. Wao wakiamka saa hizo huwa kuna mgonjwa, au kuna basi.

Ukishatoka nje utakutana na kikwazo ambacho makala za Kizungu hazikukitaja, nacho ni watu. Kutoka nyumba ya wageni hadi barabara ya madukani kuna mama anayefagia uwanja, mzee anayerudi kutoka msikitini, vijana wa bodaboda wanaopasha injini moto na mabinti wawili wenye ndoo za maji. Kila mmoja ana haki yake. Mzee anastahili shikamoo, na baada ya marahaba atataka kujua umeamkaje, umetoka wapi, huko utokako mvua zimenyesha, na wa nyumbani hawajambo. Ukimjibu vizuri ataongeza: wewe ni mtoto wa nani vile? Hapo dakika nane zimekwenda, na mama wa uwanjani amesimamisha ufagio anakusubiri.

Mwongozo huu unakushauri uokoe muda. Usisalimie. Inamisha kichwa, tazama kioo cha kamera, pita. Faida yake utaiona siku hiyohiyo: kila utakapoinua kamera, aliye mbele yako atageuka. Utarudi Dar es Salaam na mkusanyiko mkubwa wa migongo, na ukiwa na rafiki mkarimu ataiita sanaa.

Yupo mpiga picha wa namna nyingine. Huyo siku ya kwanza huzunguka mji mzima bila kuitoa kamera kwenye begi, kazi yake kusalimia, kunywa chai ya tangawizi kwa mama lishe na kuuliza bei ya peasi. Tusimwige. Anapoteza mwanga.

Haya, tuseme umefika kwenye barabara ya madukani na jua nalo limefika. Unataka picha ya mji mdogo wa mlimani, wa zamani, uliotulia. Kazi yako sasa ni kuondoa kila kinachoharibu picha hiyo. Anza na bodaboda: subiri zipite. Zikishapita zitakuja nyingine, subiri tena. Sogea kushoto ili nguzo ya umeme ijifiche nyuma ya mkaratusi. Sogea kulia bango la kampuni ya simu likatike. Piga goti, madishi ya televisheni yasionekane juu ya mabati. Yule kijana fundi simu, na kibanda chake kilichojaa nyaya za chaja, mwambie apishe kidogo. Wakala wa fedha naye apishe. Mwavuli wake una rangi kali mno. Mwishowe utabaki na ukuta wa udongo, mgomba na mzee mwenye mkongojo, ambaye hakuhama kwa sababu hakukusikia. Hiyo ndiyo picha. Lushoto ya namna hiyo haipo, ila magazetini imetoka mara nyingi.

Wala si kosa jipya. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la Kaiser wao, wakaupenda ubaridi wake, wakaona kwamba kwa jitihada kidogo ungeweza kufanana na kwao. Ukiondoa bodaboda, nyaya, migomba na watu, nawe utakaribia kuiona nchi waliyokuwa wanaililia.

Kuhusu mzee mwenye mkongojo nina la kuongeza. Jua la chini linalotokea pembeni lina kipaji kimoja kisicho na mpinzani: linachimba. Kila mkunjo wa uso unapata upande wa mwanga na upande wa giza, kila ufa wa ukuta vilevile, na ndiyo maana wapiga picha wa alfajiri hutafuta wazee na kuta mbovu. Mzee huyohuyo ukimpiga saa nne kivulini, mwanga ukamjia kwa mbele, atatoka mtu wa makamo mwenye koti zuri na macho ya mzaha. Yeye mwenyewe ndivyo anavyojijua. Watoto wake ndivyo wanavyomjua. Lakini picha ya mtu wa makamo mwenye koti zuri nani ataitundika ukutani kwake huko Ulaya?

Ikifika saa tatu, dhahabu imekwisha na makala zimeshakuambia ukalale. Kalale. Ni ushauri mzuri kwa kila mtu isipokuwa yule aliyekuja kupiga picha za mji, kwa kuwa mji wenyewe ndio kwanza unafungua milango.

Sitetei jua la utosini. Lina ubaya wake, hasa kwenye tarehe 8 Machi na tarehe 5 Oktoba au karibu na hapo, linapopita sawasawa juu ya kichwa cha Lushoto. Siku hizo, saa sita na nusu hivi, mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Nyusi zinayafunika macho, pua inatupa giza mdomoni, na bibi harusi aliyetoka saluni saa hiyohiyo anapigwa picha ya fuvu. Miezi mingine jua hujisogeza. Juni, adhuhuri, limelalia kaskazini kwa nyuzi 28 hivi kutoka utosini. Desemba limelalia kusini, karibu nyuzi 19. Mpiga picha aliyekulia Ulaya, ambaye maisha yake yote jua la mchana limekaa kusini, atakuja Juni, akae upande wa kaskazini wa nyumba ili apate kivuli, aungue hapo akiipigapiga dira yake.

Mtazame fundi cherehani. Kazi yake ni kutunga uzi kwenye tundu la sindano na kufuata mshono mweusi juu ya kitambaa cheusi, kutwa nzima, kwa macho ambayo hayazidi kuwa mapya. Makala hakusoma. Lakini mashine yake haiko juani, wala haiko ndani ya duka. Iko ukingoni mwa baraza, hatua moja ndani ya mstari wa kivuli, na mwenyewe ameelekea nje. Juu, bati limezuia jua la utosini. Mbele, anga lote limefunguka, na anga lililofunguka ni taa pana isiyo na makali. Chini, ardhi nyekundu ya mlimani inapigwa na jua na kurudisha mwanga wenye joto kidevuni na chini ya macho, palepale ambapo jua la mchana hupenda kuweka giza. Wapiga picha wa harusi wa mjini hununua kitambaa kinachong'aa na kumlipa kijana akishike karibu na magoti ya bibi harusi, ili wapate hicho ambacho fundi anakipata bure. Na jua likihama, fundi anasogeza mashine. Ukitaka kujua mwanga mzuri wa saa nane mchana uko wapi, iache simu mfukoni, sikiliza cherehani inalia upande gani.

Hayuko peke yake. Kinyozi ametundika kioo pembeni ya mlango, wala hakukitundika ukutani ndani kabisa. Fundi saa amegeuza meza yake hadi mkono usitie kivuli kazini. Mama anayechagua mawe kwenye maharage amekaa kizingitini na ungo mapajani. Wazee wa bao wamehamia upande wa pili wa mti tangu saa tano, na watahama tena saa tisa. Kila mwenye kazi ya macho katika mji huu ameshapanga kwenye mwanga mzuri, na kodi ameilipa kwa miaka mingi ya kufumba na kufumbua. Wewe unafika na begi mgongoni unasema umekuja “kutafuta mwanga”. Una wenyewe. Piga hodi.

Mwongozo, bila shaka, unakukataza kupiga hodi. Mtu akijua anapigwa picha huacha kuwa wa asili, ndivyo wasemavyo. Kwa hiyo kaa upande wa pili wa barabara, funga lenzi ndefu kama bomba la maji, ielekeze dukani kwa watu na utulie. Utaona asili ikifanya kazi yake. Ndani ya robo saa barabara nzima itakuwa imekubaliana kwamba wewe ni mtu wa kodi, au mbaya zaidi ni mtu wa bomoabomoa, umekuja kuangalia ni ukuta gani utapigwa alama ya X. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi atashusha mlango nusu. Mwenye duka la dawa atakumbuka ana safari ya Soni. Mwanga utabaki palepale ukingoni mwa baraza, mzuri ajabu, na kiti cha fundi kitupu.

Ukivunja masharti ukavuka barabara, mambo huenda hivi:

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Karibu. Umeleta kitambaa?”

“Hapana fundi. Nilikuwa naomba nikupige picha, ukiwa kazini hivyohivyo.”

“Picha ya kwenda wapi?”

Swali hilo lina majibu mawili yanayokubalika. La kwanza ni ukweli, mzima, pamoja na jina la gazeti kama lipo. La pili ni kushona suruali. Wenye hekima hutoa yote mawili, kwa sababu kipimo cha suruali kinachukua muda, na katika muda huo fundi hukusahau wewe na kamera yako akarudi kwenye kazi.

“Basi ngoja nivae koti,” atasema.

Hapa ndipo wengi huanguka. Koti! Mtu alikuwa amekaa vizuri na fulana yake iliyopauka, mkono umeinama, tepu imening'inia shingoni, na sasa anakwenda kuvaa koti la sikukuu. Mwongozo unataka umzuie. Mimi nasema mwache avae. Mwanga haujali koti, na uso wa mtu aliyekubali kupigwa picha una kitu ambacho lenzi ndefu haijawahi kukileta.

Akitoka amevaa kanzu nyeupe badala ya koti, sikiliza vizuri, maana hapa kuna ufundi. Kamera imefundishwa kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Kanzu ikijaa kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza hadi kanzu iwe ya kijivu, na uso wa mwenye kanzu unazama gizani. Pima mwanga kwenye uso, kanzu ijitegemee. Wala usidhani ni ujinga wako. Filamu zenyewe hazikutengenezwa zikimfikiria fundi wa Lushoto: kwa miongo mingi Kodak walisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi zikatoka jinsi zilivyotoka. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Kamera za sasa ni afadhali sana, ila zikiachiwa peke yake bado zina tabia za ukoo.

Siku za soko kubwa, Alhamisi na Jumapili, utaambiwa uende kupiga “rangi”. Nenda. Rangi zipo nyingi kuliko ulivyotaka, na nusu yake hazitoki kwenye matunda. Zinatoka juu. Turubai la bluu likiwa juu ya kichwa cha mtu, mwanga unaompata umechujwa kwenye plastiki ya bluu, na uso wake unatoka kama wa mgonjwa hata kama ndiye mwenye afya kuliko wote sokoni. Turubai la kijani ni baya zaidi. Karoti zinakuwa za kahawia, kabeji ndizo pekee zinazofurahi. Jicho lako halioni tatizo, kwa kuwa ubongo umeshalisahihisha bila kukuuliza. Kamera haina ukarimu huo, na ukiipa kazi ya kubahatisha rangi yenyewe itabahatisha vibaya. Nyanya chini ya mwavuli mwekundu huwa zimeiva zote. Sisemi kwamba muuzaji alipanga.

Dawa yake ni kusogea, si kusahihisha nyumbani baadaye. Kila turubai lina mwisho, na mwishoni pale, ambapo mwanga mweupe wa nje unaingia kwa pembeni, kuna nafasi ya hatua moja au mbili. Kina mama wanaouza plamsi na pichesi wanaijua nafasi hiyo vizuri. Mteja hulichukua tunda, akalitoa nje ya turubai, akaligeuza kwenye mwanga kabla ya kulipa. Simama pale mteja anapogeuzia tunda. Nunua na wewe.

Kuhusu sheria sitasema mengi, maana huu ni mwongozo wa mwanga. Anzia ofisi ya mtendaji wa kata, jieleze, uandike jina kitabuni. Kambi za jeshi na majengo ya usalama ziache. Kama umebeba droni, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiwe mkononi kabla haijaruka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na anayedhani mambo hayo ni ya kwenye makaratasi tu aulize Kenya, ambako mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Watoto wa Lushoto watakukimbilia wenyewe, watajaza fremu, watainua vidole viwili na kupiga kelele “tupige na sisi!” Hiyo ni ridhaa yao. Ya mama zao bado hujaiomba.

Jioni, nenda Irente. Kila mtu atakuambia hivyo, na kila mtu ana haki. Ni kama kilomita 6 kutoka mjini. Mlima unakatika ghafla, na karibu mita 1,000 chini ya miguu yako imelala nchi tambarare ya Mazinde na Mombo: mashamba ya mkonge, barabara kuu, reli ya Tanga, na ng'ambo huko mbuga hadi jicho lichoke. Huku hakuna kilima cha kuzuia jua la machweo. Hatimaye dhahabu yako.

Wakati wa kiangazi, hata hivyo, nchi hiyo huwa imefunikwa na vumbi na moshi, na kinachotoka kwenye picha ni kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Aliyebahatika kufika baada ya mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa, ndiye aliyepiga zile picha zilizokuleta. Unaweza pia kumkalisha mwenzako ukingoni, miguu ikining'inia, mgongo kwa kamera, anatafakari. Picha hiyo imeshapigwa. Mtu wa kwanza kuipiga pengine alikuwa na sababu.

Na wakati umekaa Irente umeupa mji kisogo, tazama unachokikosa. Lile bonde lililokunyima dhahabu asubuhi lina malipo yake, na huyalipa jioni. Jua linajificha nyuma ya kilima mapema, muda mrefu kabla ya saa yake halisi ya kuzama. Mji unaingia kivulini wakati anga bado lina mwanga tele. Hakuna tena jua la kumkunja mtu uso, hakuna kivuli cha pua, hakuna upande wa giza wa barabara na upande wa kuungua. Kuna mwanga mmoja mpana unaoshuka kutoka juu na kuta zinazoupokea. Unadumu. Unapungua taratibu hadi magharibi ipite. Na ndio wakati mji wenyewe uko nje: soko linafungwa, matenga yanapakiwa kwenye lori, wanafunzi wamevua sare, mafundi wanafagia vipande vya vitambaa, mtu ananunua mkaa wa usiku, vijana wanabishana habari za Simba na Yanga mlangoni kwa muuza chipsi. Mwanga huo hauna jina la kupendeza na hakuna anayeusifia. Mimi nauweka juu ya dhahabu yote ya Irente.

Ikiadhiniwa magharibi, shusha kamera uwapishe watu waingie msikitini.

Limebaki jambo la ukungu. Waenda Lushoto wa Juni, Julai na Agosti huja na malalamiko yaleyale: tumelipa nauli, tumepanda ile barabara ya kilomita 33 kutoka Mombo, kona baada ya kona, tumeamka alfajiri, tumekuta maziwa. Jua halipo, mlima haupo, kanisa lenyewe halipo. Wanarudi kitandani hadi saa nne, ukungu upande, ndipo watoke kupiga picha kwenye jua kali la kawaida ambalo wangelipata Korogwe bila kupanda mlima.

Waache walale, na wewe toka. Ukungu ni matone madogo ya maji yanayotawanya mwanga kila upande bila kupendelea rangi. Vivuli vinakufa. Nyuso zinapata mwanga kutoka kushoto, kulia, juu, hata kutoka kwenye ukungu ulioko chini yao. Kila kilima kinachofuata ni cheupe kuliko kilichokitangulia, hivyo umbali unajichora wenyewe kwa tabaka. Ukitaka kitu kionekane, kisogelee. Hatua kumi za ukungu zinafuta kazi ambayo hakuna lenzi itakayoirudisha. Ongeza mwanga kidogo kwenye kamera, kwa sababu ileile ya kanzu: ikiachwa yenyewe, itaugeuza ukungu kuwa moshi mchafu. Ndoo nyekundu ya yule binti wa maji itaonekana kutoka mwisho wa barabara, kanga ya mama vilevile. Ukirudi ndani kwenye joto, usiifungue kamera mara moja, iache begini ipate moto polepole, la sivyo lenzi itapata ukungu wa kwake. Na kwa kuwa dhahabu haipo, huna cha kukukimbiza. Unaweza kumaliza salamu zote, hadi ile ya “mtoto wa nani”, na ukifika sokoni mwanga utakuwa uleule.

Basi likishaondoka utakuwa na namba za simu kwenye daftari: ya fundi, ya muuza plamsi, ya mama wa uwanjani. Kila mmoja ulimwambia “nitakutumia”. Mwenye simu janja mtumie kabla hujafika Mombo. Fundi alikupa namba ya simu ya kitochi, kwa hiyo ya kwake ichapishe kwenye karatasi ukifika Dar es Salaam, andika jina lake nyuma, itie kwenye bahasha na uikabidhi kwa kondakta wa basi la Lushoto pale stendi ya Magufuli. Mpelekee ile aliyovaa koti.